Mlima wa Barabara ya Nkololo

Baiskeli niliyoanzia mazoezi ya mashindano ilikuwa ya kubebea maji. Ilikuwa baiskeli ya kiume, nyeusi, nzito, yenye lile bomba la katikati linalomlazimu mwanamke anyanyue mguu juu mbele ya watu wote. Kila asubuhi nilifunga madumu kwenye keria, nikateremka kisimani upande wa chini wa Somanda, na wakati wa kurudi niliisukuma, kwa sababu ikishajaa haipandiki. Sikuwahi kuwaza kwamba kitu kile kinaweza kwenda mbio.

Hiyo ilikuwa ile miaka soko la pamba lilipofunguliwa. Kabla ya hapo pamba yote ya kwetu ilinunuliwa na ushirika, na mume wangu alikuwa mpimaji kwenye ghala moja la ushirika pale Bariadi. Kazi ya mizani si ya mchezo. Mkulima amelima mwaka mzima, amepalilia, amepulizia dawa, amechuma, halafu jasho lake lote linaning'inia kwenye ndoano mbele ya mtu mmoja. Mtu huyo akiwa mwaminifu, wakulima wanajua. Nilikuwa nikipita sokoni naye, wazee wanavua kofia wanamwamkia, na mimi ninajifanya sioni huku moyo umejaa.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao. Wakulima wakahamia huko, ghala la ushirika likabaki na popo, na wafanyakazi wakapunguzwa. Ofisini waliita ridandansi. Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye na ambaye Kiswahili kilimpa shida, alilisikia neno hilo akadhani ni jina la ugonjwa. Aliniita pembeni, akaniuliza kwa Kisukuma kama dawa yake ipo hospitali au tumtafutie mganga.

Sikucheka, maana mume wangu alionekana mgonjwa kweli. Aliamka saa ile ile aliyozoea, akanyoa ndevu, akavaa shati lake la kazini, halafu akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Alitengeneza viti ambavyo havijavunjika. Wanetu walijifunza kumpita kwa kunyata, kama mtu anavyopita penye ng'ombe asiyemjua. Mimi nilimwuliza mambo madogo madogo, tule nini, mlango wa choo tuufanyeje, na yeye alijibu, "Unavyoona wewe."

Siku moja gari lenye spika likapita mitaani. Kampuni moja ya kununua pamba ilitangaza kwamba mwisho wa msimu itafanya mashindano ya baiskeli. Mbio za wanaume tulizizoea, zilikuwepo tangu sijaolewa, na mume wangu mwenyewe alipokuwa kijana alikuwa mpanda baiskeli wa kutajwa. Lakini safari hii, spika ikasema, kutakuwa na mbio za wanawake pia. Wa kwanza atapewa mtamba wa ng'ombe. Wanaofuata watapewa mabati.

Jioni ile ile jirani yangu akaingia uani kwangu bila hodi. Alikuwa mjane, mwanamke mnene, mcheshi, muuza mitumba. Alibeba nguo zake kwenye baiskeli akazungukia minada ya vijijini, na sauti yake ulianza kuisikia kabla hujaiona meza yake sokoni.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Tuingie."

"Tuingie wapi? Mimi na watoto hawa, na wewe na kifua hicho?"

"Kifua changu kimefika hadi Mwandoya na mtumba mzima nyuma. Ng'ombe wa kampuni hatanishinda."

Mume wangu alikuwa kwenye benchi lake. Alisikia kila neno. Jirani alipoondoka akaniambia, bila kugeuka, "Hao ndio waliofunga ghala letu. Sasa mke wangu avae fulana yao akimbizane barabarani, wao wapige picha."

"Fulana yao haitaniuma," nikasema.

"Mimi itaniuma."

Akaingia ndani. Sikumfuata. Nilikuwa nimechoka na ule ukimya wa nyumbani, na nilijua kwamba nikikubali na hili, nitakuwa nimekubali kukaa naye kwenye benchi.

Tulianza mazoezi wawili, mimi na muuza mitumba, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wa tatu tulimkuta barabarani. Alikuwa msichana wa Nkololo, binti wa mfugaji, aliyeleta maziwa mjini kila siku kwa baiskeli. Mtu mkimya, mwembamba, ana miguu mirefu kama ya korongo. Alitupita na vibuyu vya maziwa vikigongana nyuma, akatuamkia kwa heshima, akapotea mbele. Muuza mitumba akapiga breki. "Huyo," akasema, "tusipomchukua awe wetu, atatuaibisha." Tukamngoja sokoni alipomaliza kuuza, tukamwomba. Alicheka kwa kujifunika mdomo, akasema atamwuliza baba yake. Sijui alimwuliza nini, ila kesho yake alikuja.

Kulikuwa na habari ya mavazi. Huwezi kushindana ukiwa na sketi ndefu, itaingia kwenye mnyororo. Muuza mitumba akapekua robota lake akatutolea kaptula, za wanaume wa Ulaya labda, zenye mifuko mingi. Tulitoka nyumbani tumejifunga kanga juu yake, na tukishapita nyumba za mwisho tunazifungua na kujitupia mabegani. Wanawake waliokuwa mashambani waliinua migongo, wakatupigia vigelegele. Wazee wengine walitema mate. Na wote, wa vigelegele na wa mate, ilibidi tuwaamkie. "Mwangaluka!" "Mwangaluka, mayu!" Yaani habari za asubuhi, mama. Ukipita mtu mzima kwetu bila kumwamkia, habari itafika kwa mama mkwe kabla yako.

Asubuhi moja nilitoka kuchukua baiskeli nikaikuta uchi. Madigadi hayapo, keria haipo, kengele haipo, hata stendi imeng'olewa. Usukani ulikuwa umegeuzwa ukaangalia chini kama pembe za mbuzi. Mume wangu alikuwa amechuchumaa pembeni, mikono imejaa grisi, anafuta spana.

"Yule mwenzako wa mitumba anakanyaga kwa kisigino," akasema. "Mwambie akanyage kwa mbele ya mguu. Na wewe siti yako ilikuwa chini mno, ndiyo maana magoti yanakuuma usiku."

Sikujua kwamba alikuwa akitutazama. Wala sikujua kwamba alijua magoti yananiuma.

"Na maji nitabebea nini?" nikauliza.

"Maji nitabeba mimi."

Na akabeba. Alifunga madumu kwenye baiskeli yake mwenyewe akateremka kisimani katikati ya wanawake, akiwa na shati lake la kazini. Wako waliomcheka. Mama mkwe wangu alikaa mlangoni akamtazama mwanawe akirudi na maji, akanitazama mimi, halafu akasema neno moja tu, "Haya," ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na uzito gani.

Baada ya hapo mume wangu akawa mwalimu wetu. Alikuja nyuma yetu na filimbi mdomoni, akatufundisha kupokezana mbele ili mmoja avunje upepo wenzake wapumzike, akatufundisha kunywa maji kidogo kidogo. Aligombana nasi kwa sababu ya maamkizi. "Mkimwamkia kila mzee na kumwuliza habari za ng'ombe wake hatutafika popote! Inueni mkono, pita!" Muuza mitumba alimjibu, "Shemeji, mimi hao ni wateja." Nilimsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa, lakini kilikuwa chake.

Mashindano yangepita barabara ya Nkololo, na kila aliyeijua njia ile aliuliza swali moja: mlima je? Ukishavuka mto, ambao kiangazi ni mchanga mtupu, barabara inaanza kupanda. Si mlima wa kutisha ukiutazama kwa mbali. Sisi tuliuita lugulu tu, yaani mlima, kwa sababu njia ile haikuwa na mwingine. Lakini kokoto zake za moramu zilikuwa zimelegea, mvua zilichimba mifereji katikati, na kulikuwa na kona mbili. Kona ya kwanza inakudanganya kwamba umemaliza. Ya pili ndiyo waliyokuwa wakishukia wanaume wengi wakamalizia kwa miguu. Mazoezi yetu yote tulikuwa tukigeuzia mtoni, na hakuna aliyesema kwa nini.

Siku moja tulipofika mtoni mume wangu akapuliza filimbi, akasema, "Leo hatugeuzi. Leo lugulu."

Tuliburuta baiskeli kwenye mchanga. Ng'ambo ya pili akatupanga: msichana wa Nkololo mbele, mimi katikati, muuza mitumba nyuma. Kisha akageuza shingo akatazama tulikotoka. Sikuona alichokiona. Mara akabadilisha mawazo. "Ngojeni," akasema. "Tazameni kwanza ninavyofanya. Halafu mfuate."

Akasimama juu ya pedeli akaondoka.

Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia baiskeli. Nilipoolewa alikuwa tayari mtu wa ofisi, mwenye kalamu mfukoni. Sasa nilimwona mgongo umeinama, mabega yanakwenda kulia na kushoto, vumbi linaruka nyuma ya gurudumu, na nikaelewa kwa nini wanaume wa rika lake walikuwa wakimwita bingwa hata walipokuwa wakimtania. Msichana wa Nkololo akasema polepole, "Lo, baba anaweza." Tukamfuata.

Alipita kona ya kwanza kwa kasi ile ile. Kisha nikaona mabega yameanza kutofuatana. Akaanza kukata barabara, upande huu hadi upande ule, kama mtu anayetafuta penye nafuu. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji, akalitoa, likaingia tena. Kabla ya kona ya pili akaweka mguu chini.

Wakati huo huo nikasikia nilichokuwa sijakisikia kwa sababu ya pumzi zangu: lori lilikuwa linapanda nyuma yetu kwa gia ya chini, linaunguruma, limejaa marobota ya pamba hadi juu. Lilikuwa lori la ile kampuni. Lilitupita taratibu, karibu kwa mwendo wetu, na dereva alikuwa mtu tuliyemfahamu. Alikuwa akiendesha gari la ushirika miaka yote ile, amekula kwetu mara nyingi. Alipomfikia mume wangu, aliyekuwa ameinama juu ya usukani kifua kikipanda na kushuka, akatoa kichwa dirishani.

"Kaka! Shika nyuma nikuvute!"

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Basi tupia baiskeli juu, panda!"

Akatikisa kichwa tena. Lori halikuweza kusimama kwenye mwinuko ule na mzigo ule, hivyo dereva akawa anasema huku anazidi kumwacha. "Wanatafuta mtu wa mizani, kaka! Mtu anayeaminika! Nimewatajia jina lako!" Maneno ya mwisho aliyapiga kwa kelele, akapotea kwenye vumbi lake.

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma na nimeyasikia yote. Sikujua la kufanya. Nikishuka, nitakuwa nimewaonyesha wenzangu kwamba namhurumia. Nikimpita, nitakuwa nimempita mume wangu mlimani, mbele ya watu, siku ile ile watu wa kampuni wamempita. Miguu inaungua, vumbi limejaa mdomoni, na bado nilikuwa nafikiri hayo.

Akageuza uso. Ulikuwa wa kijivu. "Pita," akasema, pumzi haitoshi hata kwa neno moja. "Usisimame. Pita!"

Nikampita. Sikumtazama. Niliangalia gurudumu langu la mbele na mawe yanayoingia chini yake, nikapita kona ya pili bila kujua nimeipitaje, na nilipoiona anga wazi mbele nikajua ndicho kilele, furaha ikanilegeza, nikaanguka. Sikuanguka kwa kishindo. Baiskeli ilisimama tu, nikalala nayo taratibu kwenye majani ya kando kama ng'ombe anayekwenda kulala. Msichana wa Nkololo alikuwa tayari juu, amekaa kwenye jiwe, hata jasho halimtoki sana. Alikuja akanivuta mkono.

Kutoka pale unaona mbali. Mashamba ya pamba yalikuwa meupe hadi mtoni, na nyuma yake mabati ya mjini yanawaka. Barabarani chini yetu watu wawili walikuwa wakija wanasukuma baiskeli, bega kwa bega. Muuza mitumba alikuwa ameshuka pale pale mume wangu aliposhukia. Baadaye alisema pumzi ndiyo iliyomshusha. Huenda. Lakini niliona anavyotembea, na hakuwa mtu aliyeishiwa pumzi, kwa sababu njia nzima alikuwa anazungumza. Alikuwa akimsimulia mume wangu habari za mnada mmoja ambako ng'ombe alikula koti la kuuza, na alikuwa anaigiza kwa mkono mmoja jinsi ng'ombe alivyotafuna mkono wa koti.

Mume wangu alipofika juu hakuja tulipokaa. Aliegemeza baiskeli, akaenda nyuma ya mwamba, nikamsikia anatapika uji wa asubuhi. Nikachukua chupa ya maji nikamfuata. Alikuwa amekaa chini, viwiko juu ya magoti.

"Sukutua," nikamwambia.

Akasukutua, akatema. Nikakaa karibu yake, nikawa natoa miiba kwenye kanga yangu ili nisimtazame.

"Nililiona lori tangu mtoni," akasema. "Niliona vumbi lake. Nikajua ni yeye anaendesha. Nilitaka anikute juu."

"Mm."

"Nilitaka tu anikute juu, ninapumua vizuri, nimwinulie mkono." Akajifuta mdomo na mkono wa shati. "Nilidhani kilichokwisha ni kazi. Kumbe na miguu."

Mpaka siku ile hakuwa ameniambia neno lolote kuhusu kuachishwa kwake zaidi ya lile tangazo lenyewe. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba watoto wamemkosa humo humo ndani ya nyumba. Nikasema, "Lini mara ya mwisho kuupanda mlima huu?"

Akafikiri. "Kabla sijakuoa."

"Basi si miguu iliyokwisha. Ni wali wangu uliokunenepesha."

Hakucheka, lakini alinisukuma bega kwa bega lake, kidogo tu.

Muuza mitumba akatuita kutoka upande wa pili wa mwamba. "Shemeji! Ukimaliza huko njoo utufundishe. Umekosea wapi, ili na sisi tusikosee hapo hapo?"

Niliogopa. Nilidhani atakasirika, maana mwanaume wa kwetu haulizwi hivyo na mwanamke, tena mbele ya binti mdogo. Lakini jirani yangu aliliuliza swali lake kwa uso mkavu kabisa, kama mwanafunzi anavyouliza, na nikaona mume wangu analifikiria lile swali. Kwanza alilifikiria kwa uchungu. Halafu akaanza kulifikiria kwa kichwa. Akainuka, akapangusa suruali, akaenda hadi ukingoni.

"Njooni hapa," akasema.

Tukasimama naye. Akanyoosha kidole chini.

"Pale chini, penye kile kichuguu, ndipo nilipokosea. Nilisimama juu ya pedeli mapema. Mtu akisimama pale, kona ya kwanza anafika hana kitu. Kaeni kwenye siti mpaka kona ya kwanza. Hata kama mtu atawapita. Hata kama kampuni nzima itawapita."

Muuza mitumba akaguna.

"Pili, nilikata kona kwa ndani. Ndani ni fupi lakini imesimama kama ukuta. Pitieni nje, ni ndefu ila imelala. Na msitazame juu. Mimi nilitazama juu."

"Tutazame wapi?" msichana wa Nkololo akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu.

"Gurudumu. Ukitazama gurudumu, mlima ni hapo ulipo tu." Akainua vidole vitatu. "Na tatu, nilianza na hasira. Hasira inakufikisha kona ya kwanza."

Kisha akatwaa baiskeli yake. "Tunashuka. Tunapanda tena."

"Leo?" nikasema.

"Leo. Tukienda nyumbani hivi hivi, kesho hatutakuja."

Tukateremka huku breki zinalia na mpira unanuka. Chini, kwenye mchanga, alitupanga upya, na safari hii akakaa nyuma kabisa. Akaondoa filimbi mdomoni. Tulipoanza kupanda akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kulimia, zile nyimbo za Kisukuma ambazo jembe linashuka mahali pake katika wimbo, na miguu yetu ikaufuata bila sisi kuamua. Nilikaa kwenye siti. Nilitazama gurudumu. Kwenye kona ya kwanza nikapita nje, na kweli palikuwa pamelala. Nilisikia wimbo ukikatika nyuma yangu, ukaanza tena, ukakatika.

Kona ya pili muuza mitumba akashuka. "Mapafu yangu nimeyazoesha kupiga kelele," akasema, "kupumua hayajui." Mume wangu alimpita akiwa bado juu ya baiskeli. Mbele kidogo naye akashuka, akatembea akihesabu pumzi, akapanda tena, na kipande cha mwisho alikuja amekaa wima, polepole sana, kiasi kwamba mtoto anayetembea angempita. Mimi nilikuwa nimeshafika na safari hii sikuanguka. Nilisimama nikamtazama anavyokuja. Hakutazama juu hata mara moja. Alipofika sawa na mimi akaweka mguu chini, akasema, "Sasa," akiwa ameishiwa na pumzi.

Tuliupanda mlima ule kila wiki mpaka mashindano. Hatukuwahi kuuzoea. Kuna siku uliniliza, kuna siku nilishuka kona ya kwanza nikarudi nyumbani nimenuna. Mume wangu alipungua tumbo, akaanza kugombana na watoto kuhusu shule, akaniambia mlango wa choo anataka uwe wa mbao na si gunia. Kuhusu maneno ya dereva hakusema chochote, na mimi sikuuliza.

Siku ya mashindano alinivalisha ile fulana ya kampuni yeye mwenyewe, akanifungia namba mgongoni kwa pini, akavuta pindo ikae sawa. Nilidhani atabaki uwanjani penye muziki na viti vya wageni. Nilipofika mtoni nikiwa katikati ya kundi, nikamwona amesimama mlimani, kwenye kona ya pili. Alikuwa ameondoka alfajiri. Alikuwa na ndoo ya maji na kikombe, na alikuwa anapiga kelele kwa kila mwanamke aliyepita, wa kwetu na asiye wa kwetu, "Pita nje! Nje! Tazama gurudumu, mayu, usitazame juu!" Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nilipompita hakunitofautisha na wengine, au alijifanya hivyo. Alinimwagia maji kichwani na kupiga kelele kwa aliyenifuata.

Msichana wa Nkololo alichukua mtamba. Baba yake alikuja kumpokea ng'ombe akiwa na kofia na fimbo yake, akamzunguka mnyama mara kadhaa, akamfungua mdomo kutazama meno, kisha akamfunga kamba na kuanza safari ya kwenda nyumbani kwa miguu, binti yake mbele na baiskeli. Kampuni iliwapa gari la kuwasindikiza. Alilikataa kwa adabu, akasema barabara ina watu wengi wanaopaswa kumwona huyu ng'ombe. Muuza mitumba aliingia uwanjani karibu wa mwisho, watu wakamshangilia kuliko washindi, na kabla jasho halijakauka alikuwa ametandaza kofia za kuuza. Mimi nilikosa mabati kwa mtu mmoja. Nilipewa kanga na sabuni.

Msimu uliofuata mume wangu alikwenda kupima pamba kwa mnunuzi binafsi, kituo cha Mwandoya. Alifunga nguo zake kwenye begi usiku, na asubuhi akaniambia kama mtu anayeniambia anakwenda sokoni. Alikaa huko mpaka ununuzi ulipopoa.

Nilimpelekea nguo safi mara moja. Nilifika mchana wa jua kali, nikamkuta nyuma ya mizani, amezungukwa na wakulima wanaobishana naye kuhusu uzito wa fungu moja. Naye anawabishia kwa Kisukuma, kwa sauti, mkono mmoja umeshika ndoano, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi na kwenye nywele kama mzee. Mkulima mmoja alisema fungu lipimwe upya. "Lipimwe!" akasema mume wangu. "Hata mara kumi!" Hakuwa ameniona. Nikatafuta kivuli penye magunia, nikaketi na mfuko wangu wa nguo mapajani, nikamngoja amalize.